Ufundishaji wa Kiingereza katika Shule za Msingi za Bungoma na Kitale: Tahakiki

1. Utangulizi

Mjadala juu ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Kenya ni wa siku nyingi, na wanaoshiriki humo wamegawanyika pande mbili zinazojulikana. Upande mmoja hushikilia kwamba mtoto hana budi kuanza masomo kwa lugha aliyoikuta nyumbani kwao. Upande wa pili hushikilia kwamba, kwa kuwa mitihani hutungwa kwa Kiingereza na kazi hutafutwa kwa Kiingereza, heri mtoto akianze mapema kadiri iwezekanavyo. Makala haya hayakusudii kuongeza sauti nyingine katika ubishi huo. Yanakusudia kuhakiki jambo ambalo pande zote mbili zimelipita bila ya kulitazama, yaani jinsi Kiingereza chenyewe kinavyofundishwa kwa mtoto ambaye tayari anayo lugha nyingine, au lugha mbili nyingine, kabla ya kuingia darasani.

Miji ya Bungoma na Kitale imechaguliwa kwa sababu maalumu. Ni miji jirani katika magharibi ya Kenya, lakini hali zake za lugha hazifanani. Bungoma imezungukwa na vijiji ambako wengi husema Lubukusu. Kitale ni mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na wakazi wake wametoka pande nyingi za nchi. Sera moja ya lugha hutumika katika miji yote miwili, na mitaala na vitabu ni vilevile. Mahali kama hapo ndipo sera inapoweza kupimwa vizuri.

Hoja itakayotetewa hapa ni hii: udhaifu mkubwa wa mafundisho ya Kiingereza katika shule hizo hautokani na kukosea katika kuchagua lugha ya kuanzia. Unatokana na kukifundisha Kiingereza kana kwamba mtoto hana lugha. Na lawama ya jambo hilo haiwezi kutupiwa wizara na walimu peke yao. Sehemu yake huangukia idara za lugha za vyuo vikuu.

2. Sera na mabadiliko yake

Mwaka 1953 UNESCO ilitoa taarifa yake mashuhuri iliyopendekeza kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama. Miaka minne tu baadaye Kenya ilianza kuelekea upande mwingine. Mwaka 1957, Kituo Maalumu kilichoanzishwa Nairobi kilianza majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na majaribio hayo ya mwanzo yalifanywa kwa watoto wa Kiasia wa mjini. Mpango huo baadaye ulienezwa katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Inafaa kusisitiza kilichosafiri na kilichobaki nyuma katika uenezi huo. Yaliyosafiri ni vitabu na imani. Yaliyobaki Nairobi ni madarasa yenye vifaa, walimu waliofundishwa kwa kazi hiyo hasa, na wakaguzi waliokuwa karibu wa kuwasaidia. Mbinu iliyobuniwa kwa mtoto wa mjini, anayesikia Kiingereza dukani na barabarani, ilipelekwa kwa mtoto ambaye Kiingereza chote alichokisikia kwa siku nzima kilitoka kinywani mwa mwalimu mmoja.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirekebisha mambo. Ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo ifundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, Kiingereza kiwe somo, kisha kichukue nafasi ya lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ilileta mfumo wa 8-4-4, ulioanza kutumika mwaka 1985, na ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuitaka dola ikuze lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017, umeendelea kuzipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa matatu ya mwanzo.

Mtu akizisoma hati hizi kwa kufuatana, huona kwamba kila moja inajibu swali la lugha *ipi* na darasa *gani*. Swali la *vipi* halina mwenyewe. Kamati ya Gachathi ilipoweka mpaka kati ya darasa la tatu na la nne, haikutengeneza njia ya kuuvukia. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Lubukusu mwezi wa Novemba alitazamiwa azisome kwa Kiingereza mwezi wa Januari, na katikati yake hapakuwa na lolote ila likizo ya Krismasi.

3. Maana ya "lugha ya eneo"

Maneno "lugha ya eneo la shule" huonekana mepesi mpaka yanapopelekwa mahali halisi. Katika Bungoma na Kitale yana maana tatu zinazotofautiana, na kila moja inamweka mwanafunzi wa Kiingereza mahali pake.

Hali ya kwanza ni ya vijiji vya Bungoma. Hapa lugha ya eneo ni Lubukusu, nayo sera ingeweza kutekelezwa bila ya taabu kubwa. Hata hivyo, historia ya maandishi ya lugha hii si nyoofu. Katika miaka ya 1940 palifanyika jitihada ya kuzikusanya lugha za Waluyia chini ya maandishi ya aina moja, na Wabukusu walikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuridhika na Luluyia iliyopendekezwa, kwani hawakuisikia ndani yake sauti ya kwao. Fundisho la tukio hilo bado lina uzito: mtoto hafaidiwi na lugha inayoitwa ya mama katika orodha ya serikali ikiwa mama yake hasemi hivyo.

Hali ya pili ni ya miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony, Kopsiro na Cheptais, ambako Wasabaot husema lugha iliyo katika kundi la Kikalenjini. Wasabaot ni wengi huko mlimani, lakini wakiteremka Bungoma au Kitale huwa wachache. Ghasia za mwaka 2006 hadi 2008 katika eneo hilo ziliwafukuza watu wengi makwao, na watoto wakajikuta katika shule ambamo "lugha ya eneo" ilikuwa lugha ya watu wengine. Kwa mtoto wa namna hiyo, mafundisho kwa Lubukusu si mafundisho kwa lugha ya mama hata kidogo.

Hali ya tatu ni ya mji wa Kitale. Katika mitaa yake wanaishi Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa hiyo shule za mjini hudai kwamba lugha yao ya eneo ni Kiswahili. Dai hilo ni la haki, lakini halina budi kuelezwa zaidi. Kiswahili cha Kitale kilianza kukua katika mashamba, sokoni na katika kambi za vibarua, na upatanisho wake wa ngeli umepunguzwa sana. Mtoto husema "kitabu yangu" na "watoto ingine" bila ya kujua kwamba kuna anayeona kosa. Akifika darasani hukuta kwamba lugha aliyoambiwa ni yake imeandikwa kwa namna isiyo yake. Hujifunza Kiswahili sanifu na Kiingereza kwa wakati mmoja, na katika zote mbili husahihishwa kwa kalamu nyekundu ileile.

Kutoka kwa hali hizi tatu inafuata kwamba hakuna mwanafunzi mmoja wa Kiingereza katika nchi hii ya magharibi. Wapo walau watatu. Lakini kitabu chao ni kimoja, na mwongozo wa mwalimu wao ni mmoja.

4. Makosa na asili yake

Tangu Robert Lado alipochapisha kazi yake ya isimu linganishi mwaka 1957, na S. P. Corder alipoandika juu ya thamani ya makosa ya mwanafunzi mwaka 1967, wataalamu wa lugha wamejua kwamba makosa mengi ya mwanafunzi yana mantiki. Ujuzi huo haujafika katika madarasa ya Bungoma na Kitale. Mifano michache itatosha kuonyesha hasara yake.

Uchukuliwe kwanza mfano wa vipasuo. Katika Lubukusu sauti *b*, *d* na *g* za kipasuo ghuna hutokea tu baada ya nazali. Herufi *b* inapokuwa peke yake, kama katika neno *babandu* (watu), huwakilisha sauti laini ya midomo isiyofungwa kabisa. Hii ndiyo sababu mtoto wa Kibukusu huelekea kusema *pat* mahali pa *bad*, na *tok* mahali pa *dog*. Wenzake humcheka, na mwalimu humwamuru arudie. Lakini mtoto huyohuyo hutamka *embwa* (mbwa), *endubi* (kikapu) na *engubo* (nguo) bila ya shida yoyote, na ndani ya maneno hayo sauti zote tatu zimo. Hakosi sauti, anachokosa ni mazoea ya kuitoa mahali ambapo lugha yake haiiruhusu. Mwalimu anayelijua jambo hili angeanza na maneno ya Kiingereza ambayo sauti hizo zimetanguliwa na nazali, kama vile *number*, *window* na *finger*, ambayo mtoto huyatamka vizuri siku ya kwanza. Kutoka hapo angeiondoa nazali pole pole mpaka afike *rubber*, *ladder* na *bigger*, na mwisho *bad* na *dog*. Mafunzo ya wiki mbili yangefanya kazi ambayo kicheko cha miaka minane hakiifanyi.

Mtoto wa Kisabaot naye huchanganya *b* na *p*, lakini kwa njia nyingine. Katika lugha za Kikalenjini, ughuna wa vipasuo hautofautishi maneno. Sauti hulainika ikiwa kati ya irabu. Ukaribu wa makosa ya watoto hawa wawili umewafanya walimu wengi wadhani kwamba ugonjwa ni mmoja, na hata kusema kwamba "watu wa huku" wana ndimi nzito. Ndimi hazina uzito wowote. Lugha mbili zisizo na nasaba zimefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, na kila njia inahitaji mwalimu airudie kivyake. Mtoto wa Kitale ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili hana tatizo hili kabisa, kwa sababu Kiswahili hutofautisha *pata* na *bata*. Akifanyishwa mazoezi hayo anapotezewa wakati.

Upande wa irabu mambo hugeuka. Kiswahili kina irabu tano, na mtoto wa Kitale husikia *ship* na *sheep* kuwa neno moja. Lubukusu pia ina irabu tano, lakini hutofautisha irabu fupi na ndefu, hivyo mtoto wa Bungoma amekwisha kuzoea kusikiliza urefu. Mtoto wa Kisabaot ndiye aliyebarikiwa kuliko wote: lugha yake hutofautisha irabu kwa urefu, na pia kwa jinsi shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kurudishwa nyuma, jambo lililo karibu sana na tofauti ya *ship* na *sheep*. Huyu mtoto, ambaye mara nyingi huketi nyuma akihesabiwa kuwa mgeni, ndiye mwenye sikio bora la irabu za Kiingereza darasani. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua.

Katika sarufi hali ni hiyohiyo. Kiswahili na Lubukusu hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vya nafsi, ndiyo maana *he* na *she* hubadilishana katika insha hadi darasa la nane. Kitenzi "kuazima" hutumiwa na wengi kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea, ndipo mtoto akaandika *he borrowed me a pen*. Kitenzi "kusikia" hubeba sauti, harufu, njaa na baridi. Mtoto anayeandika *I hear hunger* hajapotea, bali amefasiri. Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa maswali ya kukanusha. Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza kama mtoto hakufanya kazi ya nyumbani, naye kweli hakuifanya, mtoto hujibu *yes*, kwa maana ya "ndiyo, ni kama usemavyo, sikuifanya". Mwalimu husikia kwamba aliifanya. Daftari likifunguliwa na kuonekana tupu, mtoto huadhibiwa kwa uvivu, na juu yake kwa uongo. Kosa la uongo hakulitenda. Kiswahili hukubali au kukataa kauli ya muulizaji. Kiingereza hueleza hali ya jambo lenyewe. Dakika tano za maelezo zingemwokoa.

5. Kusoma kwa lugha mbili kwa wakati mmoja

Mpango wa Tusome, uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2015, ulistahili sifa kwa jambo moja kubwa: ulihakikisha kwamba vitabu vya kusomea vinawafikia watoto wa madarasa ya mwanzo, na kwamba mwalimu ana mwongozo wa kila somo. Kabla yake hali ilikuwa mbaya. Uchunguzi wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili.

Hata hivyo, mpango huo ulifundisha kusoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza sambamba. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi: herufi moja huwakilisha sauti moja karibu wakati wote. Maandishi ya Kiingereza hayana tabia hiyo. Mtoto anayeambiwa asubuhi kwamba herufi *a* husikika kama katika "kaka", kisha baada ya mapumziko akaikuta katika *cake*, ana haki ya kushangaa. Tena jina ambalo Waingereza huipa herufi *e* ndilo sauti ambayo Waswahili huiandika kwa herufi *i*. Mwenye kujua lugha zote mbili haoni shida; mtoto wa miaka sita hana jambo la kushika. Ingefaa zaidi kanuni ya kusoma ifundishwe mara moja, kwa lugha yenye maandishi ya kawaida, iwe Lubukusu, Kisabaot au Kiswahili, na Kiingereza katika muhula wa kwanza na wa pili kifundishwe kwa mdomo tu. Mtu hujifunza kusoma mara moja katika maisha yake. Lugha zinazofuata huzisoma kwa ujuzi uleule.

Ajabu ni kwamba katika madarasa haya ya mwanzo mwalimu huwa ni mmoja kwa masomo yote. Yeye huyohuyo hufundisha neno "thelathini" katika kipindi cha Kiswahili, na mtoto wa Kibukusu, ambaye lugha yake haina sauti hiyo, huhangaika nalo mpaka akaliweza. Kipindi kinachofuata mwalimu hufundisha *thin* na *three* upya, kana kwamba ulimi ule haujapita njia ile. Ukuta unaotenganisha vipindi hivi hauko katika kichwa cha mtoto. Uko katika ratiba.

6. Adhabu na mtihani

Shule nyingi zimejaribu kuziba pengo hili kwa amri. Mtoto anayesikika akisema lugha ya nyumbani hupewa kipande cha ubao au cha mfupa akivae shingoni, naye hukipitisha kwa mwenzake atakayemnasa, na jioni wote waliokivaa huadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza desturi hiyo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Decolonising the Mind*, na wengi hudhani kwamba hayo ni mambo ya ukoloni yaliyokwisha. Desturi hiyo ilidumu katika shule nyingi za Kenya miaka mingi baada ya uhuru, pengine kwa jina lingine na kwa adhabu nyepesi zaidi.

Mara nyingi desturi hii huhukumiwa kwa sababu humdhalilisha mtoto, na hukumu hiyo ni ya haki. Lakini inastahili kuhukumiwa pia kwa kipimo chake yenyewe, yaani kama husaidia Kiingereza. Haikisaidii. Mtoto aliyekatazwa lugha anayoijua, na ambaye hajapewa ya kutosha katika lugha anayolazimishwa, hukimbilia kunyamaza. Na lugha haifundishwi kwa watu walionyamaza. Mwalimu hufurahia utulivu wa darasa lake akidhani ni nidhamu.

Mtihani umeongeza uzito. Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwataka watahiniwa wa darasa la nane wajibu hesabu, sayansi na masomo ya jamii kwa Kiingereza. Swali la hesabu linalouliza mtu mmoja ana maembe mangapi *zaidi ya* mwenzake ni swali la kutoa. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba *more* ni dalili ya kujumlisha hujumlisha. Alama iliyopotea huandikwa chini ya hesabu, na mtoto huambiwa kwamba hana kichwa cha hesabu. Hivyo ndivyo hukumu juu ya lugha inavyogeuzwa kuwa hukumu juu ya akili, na hivyo ndivyo vijana wengi wa pande hizi walivyorudishwa mashambani wakiamini kwamba wao ni wajinga. KCPE imekwisha. Lakini kuondoa mtihani mmoja hakuondoi desturi ya kumpima mtoto kwa lugha ambayo hakufundishwa vya kutosha.

7. Jaribio la Bungoma

Kuna ushahidi mmoja ambao hauna budi kutazamwa kwa makini, kwa sababu ulitoka Bungoma yenyewe. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa PRIMR ulifanya jaribio katika kaunti za Bungoma na Machakos. Kundi moja la shule lilifundishwa kusoma kwa lugha ya mama, Lubukusu huku na Kikamba kule. Kundi lingine lilipata mbinu zilezile za mradi bila ya lugha ya mama. Matokeo yaliyochapishwa na Benjamin Piper na wenzake yalionyesha kwamba watoto wa kundi la kwanza walipata faida katika kusoma lugha zao. Lakini hawakupata faida ya ziada katika Kiingereza wala katika Kiswahili, na katika hesabu walikuwa nyuma kidogo.

Wapinzani wa lugha za mama wameyapokea matokeo haya kwa shangwe, na watetezi wake wamependa kuyanyamazia. Pande zote mbili zimekosea. Watetezi hawana ruhusa ya kuficha matokeo yasiyowapendeza. Jaribio lilipangwa vizuri, na makundi yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Lakini wapinzani nao hawana budi kusoma mpaka mwisho. Watafiti walipochunguza madarasa, waliona kwamba hata katika shule za lugha ya mama, matumizi ya lugha hiyo katika masomo mengine yaliongezeka kidogo tu. Kwa maneno mengine, kipindi kimoja kilibadilika, na siku iliyobaki ikaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo kilichojaribiwa Bungoma si athari ya lugha ya mama juu ya Kiingereza, kama inavyodhaniwa. Kilichojaribiwa ni kama stadi za Lubukusu zitahamia katika Kiingereza zenyewe, kwa muda mfupi, bila ya mtu kuzihamisha. Jibu lilikuwa hapana, nalo ni jibu la thamani. Mwaka 1979 Jim Cummins alipoandika kwamba lugha mbili za mtoto hutegemeana, aliweka sharti kwamba mtoto apate mafundisho ya kutosha katika lugha ya pili. Mradi wa Ife wa Nigeria, ulioanza mwaka 1970, ulifundisha kwa Kiyoruba kwa miaka sita na kukiweka Kiingereza mikononi mwa mwalimu aliyekisomea hasa; watoto wake hawakuachwa nyuma katika Kiingereza. Tofauti ya Ife na Bungoma ni miaka na walimu. Haiko katika lugha.

Na isifikiriwe kwamba kukichagua Kiswahili peke yake kungemaliza kazi. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zake za msingi tangu mwaka 1967, na ilikuwa na sababu nzuri. Lakini mwaka 1984 Criper na Dodd waligundua kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa dhaifu mno kubeba masomo. Huko pia mpaka uliwekwa, na njia ya kuuvuka haikutengenezwa.

8. Wajibu wa idara za lugha

Hapa ndipo tahakiki inapogeukia nyumbani. Mwalimu wa Bungoma hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba vipasuo ghuna vya Lubukusu hutokea baada ya nazali tu. Aliyepaswa kumwambia ni chuo kilichomfundisha, na chuo kilipaswa kuambiwa na idara ya lugha. Idara hizo zimeandika tasnifu nyingi juu ya Lubukusu na Kikalenjini. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa istilahi ambazo mwalimu wa darasa la pili hazielewi, na zimebaki katika rafu za maktaba. Zinajadili nadharia iliyozaliwa Marekani, na mtoto wa Kimilili au wa Kipsongo huonekana ndani yake kama data tu.

Aidha, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili hutayarishwa katika idara mbili zisizosalimiana. Wa kwanza hufundishwa mbinu zilizoandikiwa wahamiaji wa London na Chicago, ambao wakitoka darasani hukuta Kiingereza barabarani. Wa pili hufundishwa sarufi ya Kiswahili sanifu kana kwamba wanafunzi wake wote wamezaliwa Unguja. Hakuna anayefundishwa kulinganisha. Na bado, siku ya kwanza ya kazi, wote wawili watasimama mbele ya watoto ambao kazi yao kubwa, kutoka asubuhi hadi jioni, ni kulinganisha.

Yapo mambo matatu ambayo idara zingeweza kuyaanza bila ya kungoja tume nyingine. La kwanza ni kutunga vijitabu vyepesi vya sarufi linganishi kwa walimu, kimoja kwa kila lugha: Lubukusu na Kiingereza, Kisabaot na Kiingereza, Kiswahili cha bara na Kiingereza. Kila kijitabu kionyeshe mahali ambapo lugha ya mtoto inamsaidia kabla ya kuonyesha mahali inapomkwaza. La pili ni kuweka somo moja la pamoja kwa walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili, juu ya uchanganuzi wa makosa, kwa kutumia madaftari halisi ya watoto. La tatu ni kuchunguza kwa haki Kiswahili cha miji kama Kitale, kisihesabiwe kuwa uchafu unaostahili kufagiliwa, ili mwalimu ajue mtoto ameanzia wapi kabla ya kumwonyesha anakotakiwa afike.

9. Hitimisho

Itasemwa kwamba mapendekezo haya ni madogo mbele ya tatizo kubwa, na kwamba madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi hayawezi kuponywa na vijitabu. Ni kweli kwamba hayataongeza madawati wala walimu. Lakini wingi wa watoto hauelezi kwa nini anayejibu *yes* kwa unyofu huitwa mwongo, wala kwa nini mwenye *embwa* kinywani huambiwa hawezi kutamka *b*. Hayo hutokana na kutojua, na kutojua ni jambo ambalo idara za lugha zimepewa mishahara kuliondoa.

Kiingereza kitaendelea kutakiwa Bungoma na Kitale, na wazazi wanaokitaka si wajinga wala vibaraka; wamehesabu faida na hasara kwa macho yao. Wanachodaiwa ni kwamba watoto wao wafundishwe kweli. Mwaka 1964 walipewa Kiingereza bila ya daraja. Mwaka 1976 walipewa lugha ya eneo bila ya daraja. Mwaka 2013 walipewa Lubukusu ya kipindi kimoja, na daraja bado halikujengwa. Tume ijayo itakapoketi, na bila shaka itaketi, wataalamu wa lugha watafanya vema wakiingia na sarufi linganishi mkononi, si kauli za kutetea lugha hii au ile peke yake.